Kiti cha Arusha Mjini: nani alivuliwa, nani alirudishwa, na je, mpiga kura anaweza kwenda mahakamani?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkazi wa Sombetini, Arusha, nina kibanda cha miamala ya simu na hapo ubishi wa siasa hauishi. Baba anasema jimbo letu ni la upinzani tangu vyama vingi vianze, CCM wamelipata juzi tu. Jirani anasema ni la CCM, wapinzani walipita na upepo. Mimi nakumbuka mwaka 2015 mama alipiga kura Oktoba, akapiga tena Desemba, na tuliambiwa ni kwa sababu mahakama ilimvua Lema ubunge. Sasa kuna kaka mmoja mtaani anachangisha shilingi 10,000 kila mtu ili tufungue kesi ya kupinga uchaguzi wa 2025. Anasema mpiga kura yeyote ana haki hiyo, na kwamba Arusha iliwahi kufanyika. Ni kweli? Nimpe?"*

Marahaba, binti yangu. Hiyo elfu kumi iache kwenye droo kwanza. Sisemi kaka huyo ni tapeli, huenda naye ameaminishwa. Ila anachowaambia ni nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye gharama. Ili uione itabidi tupitie historia ya kiti chenyewe, na mimi nikianza na kiti hicho sinyamazi mapema, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na baba. Maneno yake yangekaa sawasawa kama mngekuwa mnaishi Moshi. Moshi Mjini upinzani uliibeba tangu 1995. Mwaka 2000 akaja Philemon Ndesamburo wa CHADEMA, akakaa vipindi vitatu, na mwaka 2015 akampisha Jaffary Michael wa chama hichohicho. CCM ililipata jimbo lile mwaka 2020 kupitia Priscus Tarimo. Watu wengi wanaposema "ngome ya kaskazini" wanachukua habari ya Moshi na kuivika Arusha, na mtu aliyesafiri sana kati ya miji hii miwili ndiye anayechanganya zaidi.

Arusha Mjini haina mstari mmoja namna hiyo. Enzi za chama kimoja mpiga kura alipewa wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja alama ya Jembe na mwingine alama ya Nyumba, basi. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa 1995, na hapo baba yako ana haki ya kutembea kifua mbele, maana kiti kilikwenda upinzani papo hapo. Aliyeshinda ni Makongoro Nyerere, mtoto wa Mwalimu Julius Nyerere, kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Naam, mtoto wa mwasisi wa CCM, kwa chama cha upinzani, katika mji lilipotangaziwa Azimio la Arusha. Ulikuwa mwaka wa Augustine Mrema wa chama hichohicho: yeye mwenyewe aligombea urais akapata karibu asilimia 28 ya kura za nchi nzima, na huku kwetu wimbi lake liliwabeba wengi. Ushindi wa Makongoro ulipelekwa mahakamani, ukatenguliwa, na baadaye mwenyewe alirejea CCM hadi akawa mkuu wa mkoa.

Hapo tayari umepata kitu cha kuwaambia wabishi wa kibandani. Lema hakuwa mbunge wa kwanza wa Arusha Mjini kuondolewa na mahakama.

Baada ya Makongoro kiti kilirudi CCM, na mbunge ambaye wazee wa mjini wanamkumbuka kwa miaka ile ni Felix Mrema (wasimchanganye na Augustine), hadi 2010. Kwa hiyo jirani naye hakosi kabisa. CCM ilikikalia kiti hicho miaka mingi kabla ya hii ya karibuni. Anapokosea ni pale anaposema wapinzani walipita na upepo. Upepo hauvumi miaka kumi.

Mwaka 2010 CCM ilimsimamisha Dk. Batilda Burian, waziri wakati huo, na CHADEMA ikamsimamisha Godbless Lema. Lema alipata kura 56,000 na ushei, Dk. Burian 37,000 na ushei. Kilichofuata ndicho kilichofanya jina la Arusha lizoeleke kwenye taarifa ya habari. Kwanza ulikuwa ugomvi wa umeya. CHADEMA ililalamika kwamba mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga alishiriki kumchagua meya wa Arusha. Tarehe 5 Januari 2011 maandamano yakakutana na polisi na watu watatu wakapoteza maisha. Kisha madiwani watano wa CHADEMA wakaingia muafaka na CCM kuhusu umeya, chama chao kikawafukuza mwaka huohuo, na kata nne zikabaki bila diwani: Elerai, Kaloleni, Kimandolu na Themi. Uchaguzi mdogo wa kata hizo ulipokaribia, tarehe 15 Juni 2013, bomu likarushwa kwenye mkutano wa CHADEMA viwanja vya Soweto, na watu wakafa. Uchaguzi ukasogezwa hadi Julai, CHADEMA ikazichukua kata zote nne. Lishike jina la Estomih Mallah, mmoja wa wale madiwani waliofukuzwa. Tutamhitaji tukifika kwenye ile kura ya mama yako.

Sasa kesi ya Lema, ambayo kaka wa mtaani anaitumia kama mfano. Nisome hapa polepole, maana kesi hiyohiyo inamwangusha.

Baada ya uchaguzi wa 2010, wanachama watatu wa CCM, wakijitambulisha kama wapiga kura wa jimbo, walifungua kesi Mahakama Kuu Arusha. Dk. Burian mwenyewe hakufungua. Malalamiko yao yalikuwa kwamba kwenye kampeni Lema alitoa maneno ya kumdhalilisha mgombea huyo, na sheria ya uchaguzi kweli inaruhusu matokeo kutenguliwa kwa maneno ya ubaguzi wa jinsia, dini, kabila au rangi. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu ilikubaliana nao na kutengua ushindi wa Lema. Mji ulikuwa bado unachemka, kwa kuwa siku nne tu kabla, Aprili 1, Joshua Nassari wa CHADEMA alikuwa ameshinda uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki, jirani kabisa. Chama kimoja, wiki moja: kiti kimoja kimeingia, kingine kimetoka.

Lema akakata rufaa. Tarehe 21 Desemba 2012 Mahakama ya Rufani ikamrudishia ubunge. Mtaani utasikia kwamba alirudishwa kwa shinikizo, au kwamba mahakama ilisema hakuyatamka yale maneno. Uamuzi haukujengwa juu ya hayo. Majaji waliuliza swali la awali kuliko yote: hawa watatu waliokuja mahakamani, wao wenyewe wamekosewa nini? Sheria ilimtaja mpiga kura miongoni mwa watu wanaoweza kufungua kesi ya uchaguzi, lakini mahakama ikasema kutajwa peke yake hakutoshi, ni lazima mpiga kura aoneshe haki yake mwenyewe iliyoingiliwa. Maneno yanayolalamikiwa, kama yalisemwa, yalimlenga mgombea. Wale watatu walipiga kura zao, hakuna aliyewazuia. Basi hawakuwa na haki ya kufungua kesi ile, na jengo lote lililosimama juu yao likaanguka.

Matokeo yake kwa wananchi ni kwamba Arusha Mjini ilikaa zaidi ya miezi minane bila mbunge, kuanzia Aprili hadi karibu na Krismasi, kwa kesi ambayo mwishoni iligundulika imeletwa na watu wasio sahihi. Tena uchaguzi wa marudio haukufanyika, maana Lema alirejea kwenye kiti kilekile cha 2010. Kwa hiyo kura ya mama ya Desemba haina uhusiano wowote na kesi hiyo.

Ile ya Desemba 2015 ilitokana na kifo. Estomih Mallah, yule diwani wa zamani wa Kimandolu, alikuwa amehamia ACT-Wazalendo na kugombea ubunge. Akafariki Oktoba, wiki chache kabla ya siku ya kupiga kura, akiwa ameshateuliwa. Sheria inasema mgombea ubunge aliyeteuliwa akifariki kabla ya kura, uchaguzi wa ubunge katika jimbo hilo unasimama ili chama chake kipate nafasi ya kuleta mwingine. Uchaguzi wa rais na madiwani hauguswi. Kwa hiyo tarehe 25 Oktoba mama yako alipewa karatasi mbili badala ya tatu, ya rais na ya diwani. Ya mbunge ilimngoja hadi Jumapili ya tarehe 13 Desemba. Mwulize, nadhani atakumbuka jinsi foleni ya Desemba ilivyokwenda haraka, karatasi moja, sanduku moja.

Mimi naiona kura ile ya Desemba kuwa ya kuvutia kuliko zote za jimbo hili. Oktoba kulikuwa na joto la Edward Lowassa, mtu wa Monduli, kugombea urais kupitia CHADEMA na wenzake wa UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani. Ungeweza kusema wana Arusha walibebwa na hilo. Desemba joto limepoa, Rais Magufuli ameshaapishwa tangu Novemba 5, kila mtu anajua serikali ni ya nani. Bado Lema alipata kura 68,000 na ushei dhidi ya 35,000 na ushei za Philemon Mollel wa CCM. Hapo watu walimchagua mbunge, hakuna cha kusingizia.

Hata alipokamatwa Novemba 2016 na kukaa mahabusu miezi minne hivi akinyimwa dhamana, aliendelea kuwa mbunge wenu. Nimeulizwa hili mara nyingi. Mahabusu hakumvui mtu ubunge. Kinachomvua ni kupatikana na hatia ya kosa la utovu wa uaminifu na kufungwa kifungo kinachozidi miezi sita.

Mwaka 2020 Mrisho Gambo wa CCM, aliyetoka kuwa mkuu wa mkoa wa Arusha, alitangazwa mshindi kwa kura 82,000 na ushei, Lema 46,000 na ushei. Usilisome tokeo hilo peke yake. Mwaka ule CHADEMA ilitangaziwa ushindi katika jimbo moja tu nchi nzima, Nkasi Kaskazini, na chama hicho kiliyakataa matokeo. Atakayekuambia "Arusha ilibadilika 2020" mwulize kama na Moshi, Hai na Rombo nazo zilibadilika usiku uleule. Na atakayekuambia hakuna aliyeipigia CCM Arusha, mkumbushe kwamba hata kwenye miaka mizuri ya Lema kura za CCM hazikupungua 35,000.

Kisha 2025. Aprili mwaka huo Tume ya Uchaguzi iliizuia CHADEMA kushiriki baada ya chama kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, kwa hiyo chama kilichokalia kiti chenu miaka kumi hakikuwa kwenye karatasi ya kura kabisa. Gambo naye hakurudi. Mgombea wa CCM alikuwa Paul Makonda, ambaye pia alitoka moja kwa moja kwenye ukuu wa mkoa wa Arusha, na ndiye aliyetangazwa mbunge. Wabunge wawili mfululizo kutoka ofisi ileile ya mkoa. Sheria haikatazi, lakini mtu anayetaka kujua njia ya kuelekea kiti hicho siku hizi inapitia wapi, hilo linamtosha kuanzia. Siku ya kura yenyewe, Oktoba 29, na zilizofuata mliziona wenyewe: vurugu, vifo, intaneti kuzimwa. Naelewa kwa nini mtu atamani kesi.

Ndiyo turudi kwenye elfu kumi.

Jambo la kwanza la kumwuliza kaka huyo ni anapinga matokeo yapi. Kama ni ya urais, Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi huo. Mlango huo umefungwa hata mkichanga milioni mia. Wapo wanaoipinga ibara hiyo kwa hoja nzito, na mimi ni mmoja wao, lakini hadi leo imo.

Kama ni ya ubunge, mlango upo ila ni mwembamba na unafungwa haraka. Kesi ya kupinga matokeo ya ubunge hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu matokeo yatangazwe. Matokeo ya Oktoba 2025 yameshapitwa na siku hizo zamani. Kwenye kesi za uchaguzi mahakama haina huruma na mtu aliyechelewa, kwa sababu nzuri tu: jimbo haliwezi kukaa miaka halijui kama lina mbunge.

Hata kama angewahi, angekutana na lile swali la 2012. Umekosewa nini wewe? Kama ulifika kituoni ukakuta jina lako halimo ilhali ulijiandikisha, au ulizuiwa kuingia, hapo una lako la kusema. Kama unasema mgombea fulani alionewa, mwenye kesi ni mgombea. Na kama unasema humpendi mbunge, hiyo si kesi kabisa. Hatuna utaratibu wa wananchi kumwondoa mbunge katikati ya kipindi. Anaweza kupoteza kiti kwa njia nyingine, mfano akivuliwa uanachama wa chama chake au akikosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika. Nassari wa Arumeru Mashariki alitangazwa kupoteza kiti chake mwaka 2019 kwa hilo la mikutano, na CCM ikapita bila kupingwa. Lakini hizo zote si za mpiga kura kuamua.

Halafu kuna ushahidi. Kesi ya namna hii haiendeshwi kwa "kila mtu anajua". Inaendeshwa kwa fomu ya matokeo ya kituo, ile ya ubunge ambayo mawakala wameizoea kwa jina la 21B, yenye saini zao, na nakala hubandikwa nje ya kituo. Unachukua fomu ya kila kituo, unajumlisha, unalinganisha na kilichotangazwa na msimamizi wa uchaguzi. Tena haitoshi kuonesha kasoro, ni lazima kasoro hiyo iwe imeathiri matokeo. Kama tofauti ya kura ni maelfu na wewe una kituo kimoja chenye fomu iliyofutwafutwa, jaji atakuuliza kituo hicho kinabadilisha nini. Ndiyo maana siku ile ya kuhesabu, kijana mwenye simu aliyepiga picha ya karatasi iliyobandikwa mlangoni pa darasa ana thamani kuliko mchango wa mtaa mzima baada ya miezi sita.

Na gharama. Zamani sheria ilitaka kila mfungua kesi aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kwanza. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilisema sharti hilo linawanyima maskini haki yao, likatenguliwa. Sheria ikarekebishwa: dhamana bado ipo na inaweza kufika milioni 5 kwa kila mlalamikiwa, ila unaweza kuiomba mahakama ikupunguzie. Juu ya hapo kuna wakili, na ukishindwa unaweza kuamriwa ulipe gharama za upande wa pili. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wachangishaji huwa hawaitaji: wenye majina kwenye kesi ndio watakaodaiwa, na wachangiaji wakishatoa jina na saini wanaweza kujikuta ni walalamikaji bila kuelewa.

Mtu atasema, basi twende Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, si ipo hapahapa Arusha? Ipo, na mwaka 2013 iliamua dhidi ya Tanzania kwenye kesi ya mgombea binafsi iliyopelekwa na Mchungaji Christopher Mtikila. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuipeleka huko moja kwa moja. Kukaa jirani na jengo hakukusaidii.

Sasa, inawezekana kaka huyo ana jambo jingine lililo hai, kwa mfano kesi ya kikatiba kuhusu sheria ya uchaguzi, ambayo haina zile siku 30. Hiyo ni habari tofauti, ina masharti yake ya nani anaruhusiwa kuifungua, na siwezi kuipima nikiwa mbali. Hapo ndipo unapohitaji kukaa uso kwa uso na wakili, ukiwa na karatasi zake mkononi. Mawakili wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika wapo mjini, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha kwa asiye na uwezo. Na kama kuna mtu wa familia yako aliyeumizwa au aliyekamatwa siku zile za Oktoba, hilo usilichanganye na kesi ya matokeo wala usilisubirishe. Lipeleke kwa wakili wiki hii, na uende na karatasi za hospitali au polisi kama mlipewa.

Kwa kaka, mwombe vitu vitatu tu, kwa upole: namba ya kesi kama imeshafunguliwa, jina la wakili anayeisimamia, na kesi yenyewe inaomba nini. Namba ya kesi unaweza kuiulizia masjala ya Mahakama Kuu Arusha. Wakili lazima awe na leseni ya mwaka huu, na hilo nalo huulizwa bila aibu. Akikujibu kwamba kesi itafunguliwa hela zikitimia, na ni ya kupinga ubunge wa 2025, mwambie siku 30 zilishaisha, na waliokwisha kutoa wamdai chao.